Vibaki Vilevile

Daktari ameniomba niandike ukurasa mmoja kuhusu baba yangu, uwekwe mwanzoni mwa jalada la viwanja vya utafiti, ili atakayekuja kufanya kazi baada yetu ajue ni nani aliyehesabu yale majani kwa miaka ishirini na minne, na kwa nini namba zake zisisomwe bila tahadhari. Ukurasa mmoja. Anayemjua baba yangu anajua kwamba hakunjiki akaenea kwenye ukurasa mmoja. Nitaandika mpaka niyamalize, na mwenye mkasi apunguze mwenyewe.

Hapa kituoni hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mraba, kwa sababu ya fremu. Ni mbao nne zilizopigiliwa misumari zikawa mraba wa mita moja kila upande, na ndani yake zimepitishwa kamba huku na huku mpaka vikapatikana vijichumba mia moja. Unailaza juu ya majani, unapiga magoti, unatazama kijichumba kimoja kimoja na kuandika mna nini. Baba aliibeba begani kama mtu aliyeng'oa dirisha la watu na sasa hajui alipeleke wapi. Watoto wa njiani walizoea kumwuliza, "Mzee Mraba, leo unampiga nani picha?" Naye akawajibu kwamba anapiga picha wenye adabu tu, wao wapishe.

Kabla ya fremu alikuwa mtunza bustani wa kituo. Hili nataka lishikwe vizuri, maana ndilo shina la yote. Kituo chetu ni cha utafiti wa mimea na malisho: nyumba tatu ndefu za bati, stoo, tangi la maji, na nyuma yake kilima chenye nyasi. Baba alikuwa na ua wa mbele. Alipanda maua kandokando ya njia, akakata majani, akang'oa magugu, na kwa magugu alikuwa na jicho ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Mama anasimulia kwamba siku baba alipokwenda kwao kujitambulisha, alipokuwa akisalimiwa na baba mkwe, aliinama katikati ya salamu akang'oa gugu lililoota penye kizingiti, akalitia mfukoni, kisha akaitikia. Babu akamwambia mama, "Huyu huenda ana wazimu, ila njaa hutaiona."

Daktari alipokuja alikuwa bado kijana. Watu walimletea watoto wenye homa, akawa anawaeleza kwamba yeye ni daktari wa majani, wakaondoka wakimhurumia. Alitaka kujua jambo moja. Mvua zilikuwa zimeanza kuchelewa kuja na kuwahi kuondoka, na huko chini barabarani lilikuwa limeingia gugu geni, lile tunaloliita gugu karoti kwa sababu ya majani yake, lenye vimaua vyeupe kama chumvi iliyomwagika. Huwasha ngozi, na ng'ombe akilila maziwa yake huwa machungu. Daktari alitaka kuona nyasi za kilimani, ambazo zimeishi pamoja miaka na miaka, zitafanya nini mvua ikipungua na mgeni huyo akifika. Zitambana asipate pa kukaa, au zitampisha?

Basi akachagua viwanja kumi na viwili juu kwenye mteremko wa magharibi. Kila kimoja kina ukubwa wa fremu, kona zake nne zina vigingi vya chuma vilivyopakwa rangi ya njano, na kimezungushiwa uzio wa waya ng'ombe wasiingie. Akamtoa baba kwenye maua akampandisha mlimani. Akamfundisha aina arobaini za majani kwa majina ya kitaalamu, na baba akayashika kwa wiki mbili, ila alipokuwa peke yake aliyaita kwa majina yake mwenyewe. Kulikuwa na Mkia wa Panya, kulikuwa na Mvivu, ambalo halikosi kuegemea jirani, na kulikuwa na Bi Harusi, linalotoa ua mara moja tu kisha likainama.

Siku ya kumkabidhi, Daktari alisimama naye kwenye kiwanja cha kwanza akamwambia maneno ambayo baba amenikariria mara nyingi kiasi kwamba nayasikia kwa sauti ya Daktari mwenyewe. "Mzee, hivi viwanja navikabidhi kwako. Vitunze vibaki vilevile."

Vitunze vibaki vilevile. Daktari alimaanisha mtu asiviguse. Lakini hebu mwambie mtunza bustani maneno hayo uone. Kutunza kwake ni kupalilia. Na kitu kitabakije kilevile kama umekiacha kivamiwe? Aliyetaka kuona mabadiliko alimwomba mtu ambaye kazi yake maishani ilikuwa kuyazuia, tena akamwomba kwa neno la kazi yake mwenyewe. Wala hakuna aliyemdanganya mwenzake. Walitoka pale wakiwa wamepeana mikono.

Gugu karoti la kwanza lilionekana mwaka wa pili, kiwanja cha nne, dogo kama kiganja cha mtoto. Baba aliliona kabla hata hajalaza fremu. Akapiga magoti juu ya kipande chake cha sponji, akaling'oa na mzizi wake wote, akaushindilia udongo kwa kiganja, akanyunyizia majani makavu juu yake, kisha akalirusha nje ya waya. Mtunza bustani mzuri haachi alama. Ndipo akalaza fremu na kuhesabu, na kwenye fomu, mstari wa gugu karoti, akaandika sifuri. Kwake hilo halikuwa uongo hata kidogo. Mtu hufagia kwanza ndipo akakaribisha wageni.

Msimu ulipokwisha Daktari alizisoma zile sifuri akafurahi, na baba alipoona amefurahi akajua kazi yake imeonekana. Ikawa hivyo kila msimu, miaka mitano. Kila mmoja alimsifu mwenzake kwa jambo ambalo mwenzake hakulifanya.

Mwaka wa saba wakaja wageni kutoka kituo kingine. Mwanafunzi mmoja wa Daktari, msichana mwenye sauti ya ualimu, ndiye aliyepewa kuwaeleza. Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa waya, kashika fremu. Alikuwa ametoka kupitia kiwanja cha nne haraka haraka, na wageni walipotokea ghafla hakuwahi kutupa alichong'oa. Akakishindilia mfukoni mwa koti.

"Humu hakuna mkono wa mtu," msichana akasema. "Hatupandi, hatumwagilii, hatung'oi. Tunaangalia majani yanafanya nini yenyewe."

Mgeni mmoja akauliza, "Na kama kuna mtu anang'oa?"

Msichana akacheka. "Basi tutakuwa tumehesabu kazi ya mtu, siyo ya majani. Yote yatakuwa bure."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sidhani walitegemea mtu ayapate kama yalivyo. Baba alisimama pale saa nzima na lile gugu likimwasha paja, akaitikia salamu, akafungua mlango wa waya, akaufunga. Jioni hiyo hakula. Mama alipotoa koti alifue akakuta majani mfukoni akamtania, "Mwenzangu sasa unatembea na mboga?" Baba akalichukua koti akatoka nalo nje. Nilikuwa msichana wa shule, nikadhani wamegombana.

Angesema siku ile, angepata aibu ya siku moja. Daktari angenuna, vigingi vingehamishwa, kazi ingeanza upya. Lakini baba alikuwa ametoka kusifiwa mbele ya wageni kama mtu mwenye mkono safi kuliko wote waliowahi kufanya kazi kituoni, na maneno hayo yalimziba mdomo. Akajiambia ataacha kung'oa polepole. Akajaribu msimu mmoja kwenye kiwanja cha tisa, gugu likaota, akaona jinsi litakavyosomeka kwenye fomu: sifuri, sifuri, sifuri, kumi na tisa. Akaling'oa lote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baba yangu alijenga wake miaka kumi na saba, peke yake, kwa magoti.

Kuanzia hapo tulimpoteza kidogo. Mzaha ukapungua. Alikataa wasaidizi, akisema watamkanyagia majani. Akipewa taarifa kwamba Daktari atapanda kilimani kesho, yeye hupanda leo. Na mikono ikaanza kumchanika. Kila msimu wa mvua viganja vyake vilitoka vipele, vikapasuka, vikawa vyekundu mpaka kwenye kifundo. Alisema ni sabuni. Mama akabadilisha sabuni mara nne.

Mimi niliajiriwa kituoni mwaka wa kumi na tatu wa viwanja, karani wa takwimu. Sitajidai kwamba nilipata kwa akili zangu tu. Daktari alisema mtoto wa Mraba lazima awe makini. Kazi yangu ilikuwa kuingiza fomu kwenye kompyuta, na fomu za baba nilizipenda kuliko zote. Mwandiko wake umesimama wima na haukufutwafutwa. Na zile sifuri niliziingiza kwa fahari, najua ni jambo la kuchekesha kuonea fahari sifuri.

Mwaka wa kumi na sita baba aliugua malaria katikati ya hesabu, nikatumwa nichukue fomu kwenye mkoba wa baiskeli yake. Chini ya ile sponji nikakuta daftari la shule. Nikafungua. Kila ukurasa una namba ya kiwanja, tarehe, na idadi. Cha nne, thelathini na moja. Cha tisa, kumi na nne. Cha pili, hakuna. Tarehe nilizijua, maana ni mimi niliyeziingiza. Idadi ndiyo sikuijua. Kisha nikakumbuka mikono yake, na nikaelewa kila kitu nikiwa nimesimama pale kwenye banda la baiskeli, kwa muda usiozidi wa kufunga kamba ya kiatu.

Nilichofanya ni hiki. Nililirudisha daftari chini ya sponji, nikachukua fomu, nikaenda ofisini, nikaziingiza sifuri kumi na mbili. Nimetafuta maneno ya kulipamba hilo na sijayapata. Nilimwonea baba huruma, ni kweli. Lakini nilijionea huruma mimi zaidi, na meza yangu, na kiti changu chenye mto, na jinsi Daktari alivyonitambulisha kwa wageni kama binti wa Mraba.

Wiki iliyofuata nilifungua stoo, ambayo ufunguo wake ulikuwa kwangu, nikatoa jozi ya glavu za maabara, zile nene za buluu, saizi kubwa. Nikaziweka ndani ya mkoba wa baiskeli. Baba alirudi siku hiyo na mikono mikavu, akanawa, akakaa mezani, akaniangalia mara moja, kisha akaomba apitishiwe maji. Hatukuzungumza habari ile miaka minane. Watu husema mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa wawili chini ya shuka moja, kila mmoja akijifanya mwenzake amelala.

Wakati huo gugu karoti lilikuwa limepanda kilimani. Na pale lilipoota kwa wingi kuliko kote ni kuzunguka viwanja, nje tu ya waya. Daktari aliipiga picha mandhari hiyo, ndani nyasi tupu, nje vimaua vyeupe mpaka kiunoni, akaikuza akaitundika kwenye korido. Nilipita chini yake kila asubuhi nikienda kuchemsha maji ya chai. Nilijua mbegu zile zilifikaje pale. Zilirushwa na mkono wa mtu, konzi kwa konzi, juu ya waya.

Lakini Daktari alisoma picha hiyo kama mtu mwenye akili timamu angeisoma. Ndani hakuna ng'ombe wala gugu. Nje kuna vyote viwili. Basi anayelileta gugu ni ng'ombe, kwa kuzila nyasi na kuzikanyaga hata zikakosa nguvu ya kumbana mgeni. Ripoti niliipiga chapa mimi: "Pasipo mifugo, jamii ya nyasi hujikinga yenyewe." Na mwisho wake pendekezo kwa halmashauri: mteremko wa magharibi usipelekewe kikosi cha kung'oa magugu, hakuna haja, ufungwe, mifugo yote iondolewe kwa miaka mitano, nyasi zipumzike. Tarehe ya kikao ikapangwa.

Wenye mifugo mteremko wa magharibi ni watu wasiozidi kumi, na mmoja wao ni shangazi yangu, mdogo wake baba wa kumfuata. Ana ng'ombe sita. Hana shamba wala biashara, ana hao sita na mdomo wake. Alikuja ofisini siku tano kabla ya kikao, amebeba fungu la gugu karoti amelifunga kwa kamba kama kuni, akalitua juu ya meza yangu, juu ya karatasi.

"Nionyeshe Daktari wenu," akaniambia.

Daktari alitoka mwenyewe, akamkaribisha kwa heshima. Shangazi akamweleza kwamba gugu liko hata kwenye korongo ambalo ng'ombe hawafiki, kwamba maziwa yameanza kuwa machungu na wanunuzi wanamrudishia, na kwamba wakiondoa ng'ombe gugu litabaki pale pale, na yeye ndiye atakayeondoka. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba anaelewa, lakini viwanja vimeonyesha kitu kingine kwa miaka ishirini na minne. "Tena aliyehesabu ni kaka yako," akasema. "Ngoja tumwulize yeye."

Baba aliitwa. Akaingia kavua kofia, akamwona dada yake, akaliona fungu la magugu mezani pangu.

"Mzee, kwenye viwanja umewahi kuliandika hili?" Daktari akauliza.

"Hapana, Daktari."

"Kaka," shangazi akasema, "we unanijua. Mimi na wewe tumechunga pamoja. Ndani ya waya hakuna kabisa?"

"Ndani ya waya hakuna, mdogo wangu," baba akasema.

Ilikuwa kweli, na katika maisha yangu sijasikia uongo mkubwa kuliko huo. Shangazi alimtazama machoni. Mimi nilikuwa nikiomba abishe, amtukane, amwite kibaraka. Badala yake akalinyanyua fungu lake. "Basi," akasema. "Kama ni kaka kasema hakuna, hakuna. Labda kweli ni ng'ombe wangu." Akaaga, akatoka nalo, asituachie uchafu ofisini.

Siku tatu baba hakupanda kilimani. Alikaa uani akitazama mikono yake. Siku ya nne, saa mbili asubuhi, alikuja ofisini akiwa amevaa koti la kazi, fremu begani, daftari mkononi. Akapita mezani kwangu bila kunitazama. Mlango wa Daktari haukufungwa, kwa hiyo nilisikia yote.

"Daktari," akasema, "mimi ni mtunza bustani."

"Najua, mzee. Kaa."

"Sikai. Uliniambia nivitunze vibaki vilevile. Nimevitunza." Akaweka daftari mezani. "Humo mna yote niliyong'oa."

Nikasikia kurasa zikifunuliwa. Daktari hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili."

"Na ulijua lini kuwa ni makosa?"

Hilo ndilo swali aliloliogopa, na angeweza kulikwepa, maana hakuna wa kumsuta. "Mwaka wa saba," akasema. "Yule msichana alipowaeleza wageni. Nilikuwa nalo mfukoni."

"Miaka kumi na saba umeng'oa ukijua."

"Ndiyo."

"Kwa nini uliyahesabu?"

"Kuhesabu ndiyo kazi yangu."

Daktari akacheka, kicheko kisicho na furaha, kisha akamweleza kwamba daftari litamwambia kilichong'olewa, lakini halitamwambia kungetokea nini kama kisingeng'olewa. Gugu lililokufa changa halikuzaa. Nyasi jirani zilipata nafasi ambayo pengine zisingeipata. Miaka ile haisomeki tena, si ya kwake wala ya mtu yeyote. Baba aliitikia kila sentensi, ndiyo Daktari, ndiyo Daktari. Akatoa glavu mfukoni akaziweka juu ya daftari, zimechakaa, kidole kimoja kimetoboka. Akasema na hizi ni mali ya kituo.

"Nani mwingine alijua?" Daktari akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Mimi na mikono yangu," baba akasema.

Kupitia mlangoni nilimwona Daktari akizitazama zile glavu za buluu, ambazo hazitoki popote ila stoo yetu, kisha akainua macho akatazama upande wa meza yangu. Ufunguo wa stoo ulikuwa unaning'inia shingoni mwangu kama kawaida. Nikaendelea kupiga chapa. Nilikuwa naandika barua ya kuagiza wino wa printa, na niliimaliza, na haikuwa na kosa hata moja.

Kwenye kikao Daktari alisimama akasema namba si sahihi, kosa ni lake kwa kutokagua, na pendekezo analiondoa. Hakumtaja mtu. Baba alikuwa amekaa nyuma, hakualikwa, na akasimama mwenyewe. "Aliyeng'oa ni mimi," akasema. Watu wote wakageuka. Akabaki amesimama, hana jingine la kusema na hajui kukaa, mpaka shangazi akamwambia kutoka safu ya mbele, "Kaa chini kaka, umesikika."

Ng'ombe hawakuondolewa. Kikosi cha kung'oa kilipelekwa magharibi pia, kimechelewa lakini kilikwenda. Wiki hiyo shangazi alikuja nyumbani na chupa ya maziwa, akammiminia baba kikombe kikajaa. Baba alionja, uso ukakunjamana, akataka kukiweka chini. Shangazi akamwambia, "Yote." Baba akanywa yote. Shangazi akachukua kikombe akakisuuza mwenyewe. "Sasa tumemaliza," akasema, akakaa tukazungumza mambo mengine. Tangu siku hiyo humtania kwamba ng'ombe wanamsalimia, naye akiwaona njiani hupita ng'ambo.

Viwanja havijaguswa sasa ni misimu miwili. Napanda mimi, na fremu begani, na watoto wananiuliza kama nimerithi dirisha. Sita vimejaa gugu karoti, cha nne hakina hata pa kuweka kidole. Lakini sita vingine vimesimama. Huko Mkia wa Panya na Mvivu wamebanana na gugu likichipua hunyong'onyea lenyewe. Cha pili hakijawahi kuwa nalo. Kwa hiyo Daktari alikuwa nusu sahihi, na kwa nusu ya viwanja baba alipasua mikono bure. Au labda vimesimama kwa sababu vililindwa miaka yote hiyo. Hakuna atakayejua. Nikirudi, baba huniuliza swali moja, "Ngapi?", nami humtajia kiwanja kwa kiwanja, naye huitikia kila namba kwa kichwa. Mikono yake imepona.

Daktari alipoomba ukurasa huu, juzi, hakuja na karatasi. Alikuja na bahasha. Alipoondoka nikaifungua, nikakuta glavu za buluu, kidole kimoja kimetoboka. Alikuwa amezitunza misimu miwili, akingoja. Alikuwa ameniambia kitu kimoja tu mlangoni, "Andika aliyehusika," na mimi nikadhani anamsema baba.

Basi iingie kwenye jalada. Jozi moja, saizi kubwa, zilitolewa stoo mwaka wa kumi na sita wa viwanja bila kusainiwa, na aliyezitoa ni mimi. Sifuri zote kuanzia mwaka huo niliziingiza nikijua. Siku ile ya daftari ofisini baba alisema kweli kwa kila swali isipokuwa moja, na hilo moja alilisemea uongo kwa ajili yangu, nami nikamwachia aubebe.